Mtungi wa bibi na ile homa ya kukunja

Juzi jioni nakaribia kufunga duka langu la dawa akaja mzee mmoja wa hapa hapa Naliendele, kabeba kikapu cha ukili, ndani majani mabichi ya mpapai yamefungwa kwa kamba ya mgomba. Nikamwamkia, akaitikia marahaba kwa mbali, akaweka kikapu juu ya kaunta, akauliza, "Mwanangu, hii na panado vinaenda pamoja au nichague kimoja?" Yaani nilikosa jibu la haraka, na nina miaka tisa nyuma ya ile kaunta. Watu huwa hawaulizi bana. Asubuhi wanakunywa cha nyumbani, mchana wanameza changu, jioni wanapelekwa kwa fundi, yaani mganga wa kienyeji, mgonjwa akiinuka kila mmoja wetu anajisifu ni yeye.

Mgonjwa mwenyewe alikuwa binti yake, homa imempanda ghafla, viungo vyote vinauma, vifundo vya miguu vimevimba, kipimo cha malaria kimetoka hasi. Nikamwambia mzee, panado sawa, maji na uji kwa wingi sawa, hayo majani sigombi nayo ila usimkamulie kikombe kizima mtu ambaye tumboni hana kitu, na kesho asubuhi mwende kituo cha afya mkapime zaidi. Akataka nimuongezee diklofenaki "ya viungo". Nikamnyima. Akanuna, akaondoka na kikapu chake, mie nikabaki nimeshika kufuli namfikiria bibi.

Bibi mzaa mama alikuwa wa Newala, kafariki 2016. Hakuwa fundi wa kuweka kibao barabarani, alikuwa mtu wa mitela tu, ndivyo dawa zinavyoitwa Kimakonde, na hakuna mtoto wa kitongoji chetu ambaye hajapita mikononi mwake. Mie alikuwa ananiita mume wake, kama bibi wote wanavyowaita wajukuu, "nnume wangu njoo unishikie kinu", na kwa vile mume wa karibu nilikuwa mie peke yangu basi nimetwangishwa kila jani lililoota ule upande. Sasa hivi nauza dawa za maboksi kwenye duka la dawa muhimu, ule mpango uliojaribiwa kwanza kule Ruvuma 2003 ukasambaa mikoani. Kwa hiyo nikiandika kuhusu dawa za asili na magonjwa ya virusi msinione kama mtu wa upande mmoja. Nimepigwa na pande zote.

Turudi kwenye homa ya huyo binti. Sikutaka kuitaja jina mbele ya mzee kwa sababu bila kupima unabuni tu, ila kichwani mwangu kulikuwa na majina mawili, dengue na chikungunya, zote homa za virusi zinazoletwa na mbu. Na jina hili la pili jamani ni la kwetu. Kuna watu kwenye magrupu ya wasapu wanasema ni Kichina, wengine Kijapani, mmoja nilimsikia anaapa ni Kihindi. Ni Kimakonde. Linatokana na kitenzi cha kujikunja, mwili kupinda kama kitu kilichokaushwa, kwa sababu ndivyo mgonjwa anavyotembea. Mwaka 1952 hadi 1953 ulipita mlipuko kwenye nyanda za juu za Makonde, wakati huo tunaitwa Jimbo la Kusini la Tanganyika, daktari Marion Robinson na mwenzake Lumsden wakauandika kwenye jarida mwaka 1955, na mtaalamu wa maabara R. W. Ross akaripoti kuvitenga virusi vyenyewe kutoka kwa wagonjwa, makala yake ya 1956 kaipa jina la mlipuko wa Newala kabisa. Baadaye virusi hivyo hivyo vikaja kupiga Lamu 2004, vikaenda Komoro, vikafika Réunion ambako theluthi hivi ya watu wa kisiwa kizima waliugua, vikaruka India 2006, na kuanzia Desemba 2013 vikawa vinatembea visiwa vya Karibi. Dunia nzima inatamka neno la bibi yangu halafu inalitamka vibaya.

Bibi aliukumbuka ule mwaka. Hakuwa na tarehe, alihesabu kwa matukio, alisema ni kabla bomba halijaja na yeye alikuwa ndo kwanza katoka kuchezwa. "Homa ile haikuwa ya kulala nnume wangu, ilikuwa ya kukunja." Anasema nyumba nzima inaanguka siku moja, wanaume wazima wanatambaa kwenda chooni, na shida kubwa ikawa maji. Kwa asiyeijua Newala, mji uko juu ukingoni kabisa, ukisimama pale Shimo la Mungu unaliona bonde la Ruvuma lote mpaka Msumbiji, kunapendeza sana kwa picha, lakini maana yake ni kwamba maji yako kule chini na nyie mko huku juu. Wanawake walishuka alfajiri na mitungi na kupanda nayo. Sasa fikiria mtu magoti yamevimba apande ule mteremko na mtungi kichwani. Kwa hiyo kila tone likawa linafichwa ndani ya nyumba, mtungi, chungu, kibuyu, chochote chenye tumbo.

Nikamuuliza, sasa mlitumia mtela gani? Nilitegemea anitajie mzizi wa ajabu nikauandike. Akacheka. Akasema tulichemsha kila kitu, hakuna kilichosaidia, watu walipona wenyewe au walibaki na viungo vya kuuma mpaka msimu mwingine.

Mnaona? Mwanamke aliyeishi kwa mitela miaka sitini anakuambia hakuna kilichosaidia, na wala haoni aibu. Siku hizi mtu ana mlonge wa unga kwenye vichupa anauza shilingi elfu kumi na tano stendi anakuambia unazuia virusi vyote, vya sasa na vijavyo.

Ngoja niwe mkweli kuhusu hayo majani mwenyewe, maana kuyatukana yote ni uvivu kama ulivyo uvivu kuyasifu yote. Kivumbasi. Bibi alikuwa nacho kimepandwa mlangoni pande zote mbili na dirishani, jua likianza kushuka anavunja matawi mabichi anaweka juu ya kaa mbili tatu kwenye kigae, moshi unapita chumbani taratibu, sisi tunakohoa tunatoka nje. Watafiti wa hapa Tanzania huko kaskazini mashariki walishavipima vivumbasi hivi na wakakuta kweli vinafukuza mbu, na magharibi mwa Kenya walivipanda kwenye vyungu tu, bila kuchoma, bado mbu wakapungua kuingia. Kupungua, sio kuisha. Mchaichai nao ni ndugu wa ule mmea unaotoa mafuta ya sitronela yanayowekwa kwenye mishumaa ya mbu. Kwa hiyo hapo bibi hakubahatisha.

Ila kuna tatizo, na hili nilikuja kulijua chuoni tayari bibi mzee sana. Moshi wa usiku unamfukuza mbu wa malaria, yule anayekuja watu wamelala. Mbu wa chikungunya na dengue ni mwingine, Aedes, mweusi ana madoa meupe miguuni kama kavaa soksi za shule, na huyu anauma mchana. Anauma asubuhi watoto wakiwa wanafagia uwanja, anauma tena alasiri kuelekea magharibi. Bibi kwa bahati alikuwa anachoma mapema, jua bado lipo, kwa hiyo labda alikuwa anamkuta na huyu njiani. Lakini saa mbili asubuhi hakuna mtu anachoma kivumbasi, na neti hujaifunga kiunoni ukitoka kwenda shambani kuokota korosho.

Na dawa za kunywa? Mwarobaini unauchemsha unakunywa uchungu mpaka masikio yanawaka, watu wanasema unasafisha damu virusi visikae. Hakuna jani la kunywa ambalo limethibitishwa linazuia mtu asipate chikungunya au dengue, hata moja. Mpapai, sawa, kuna tafiti huko Asia zimeangalia kama juisi yake inasaidia chembe sahani, zile zinazogandisha damu, zipande kwa mgonjwa wa dengue, lakini hizo ni habari za mtu aliyeshaugua, sio kinga. Chai ya mchaichai naipenda na nawashauri watu waitumie kwa sababu moja ya kawaida kabisa, mgonjwa wa homa anatakiwa anywe maji mengi na maji matupu hayashuki, mchaichai wenye sukari kidogo unashuka. Na mafuta ya mwarobaini tafadhali msimnyweshe mtoto mchanga, yameshawadhuru watoto sehemu zingine za dunia, na hapa dukani nimeshaletewa kichanga kapakwa mpaka ndani ya mdomo.

Sasa la diklofenaki. Dengue na chikungunya mwanzoni zinafanana kama mapacha, homa ya ghafla, viungo, vipele. Dengue inaweza kumfanya mtu avuje damu ndani kwa ndani, na dawa za kundi la diklofenaki, ibuprofeni na aspirini zinaongeza huko kuvuja. Kwa hiyo mpaka dengue iondolewe kwenye hesabu, mgonjwa anapewa panado tu. Hata kama ananuna.

Kuna hadithi yangu moja nimekuwa nikiikwepa. Mwanzoni mwa 2021, kipindi kile ambacho neno corona lilikuwa halitamkwi sana, watu wanasema changamoto ya upumuaji. Mwaka mmoja nyuma yake, Machi 16, 2020, ndo alitangazwa mgonjwa wa kwanza nchini, na Mei ndege ya serikali ikaenda Madagascar kuchukua ile dawa ya mitishamba ya corona ya Rajoelina, rais wa huko wakati ule, na taasisi yetu ya utafiti NIMR nayo ikatoa NIMRCAF, ndani mna tangawizi, malimao, vitunguu, pilipili. Kupiga nyungu kukawa fasheni. Malimao Mtwara mjini yalipanda bei mpaka wauza mihogo ya kukaanga wakaacha kuweka limao. Mama yangu mdogo akapata mafua, kikohozi, akanipigia, "Baba, nipige nyungu au nije hospitali?" Na mie, mwenye cheti ukutani, nikasema piga nyungu kwanza tuone.

Nilisema hivyo kwa sababu ndivyo kila mtu alivyokuwa anasema, na kwa sababu harufu ya majani ya mkaratusi na mpera na mlimao yakichemka pamoja ni harufu ya utoto wangu na sikuweza kuamini kwamba harufu ile inaweza kumdanganya mtu. Mvuke unafungua pua, hilo ni kweli, mtu anapumua vizuri kwa nusu saa anajiona kapona. Virusi havikai kwenye pua peke yake vikisubiri kuchemshwa. Siku ya tatu akiwa chini ya blanketi kizunguzungu kikampata, sufuria ikamwagika, akaungua paja la kushoto. Siku ya tano ndo tukampeleka hospitali, sio kwa ajili ya mapafu, kwa ajili ya kidonda. Nesi akamuwekea kile kidude cha kidoleni kupima oksijeni, akakiangalia, akakibadilisha kidole akidhani kimeharibika. Hakikuharibika. Alikaa kwenye mtungi wa oksijeni siku kumi na moja. Amepona, yupo, anauza dagaa, ila akipanda ngazi mbili anakaa, na kovu la paja ananionyesha kila Idi kwa utani ambao mie siuoni kama utani. Julai 28 mwaka huo Rais Samia alipochanjwa hadharani mama mdogo alikuwa wa kwanza kwenye foleni ya mtaa wao.

Na watu wananiletea mfano wa Loliondo kunithibitishia kitu fulani, sijui kipi. Kikombe cha dawa ya mitishamba cha Babu wa Samunge, 2011, shilingi mia tano, magari yamepanga foleni kilomita na kilomita. Wapo wenye virusi vya Ukimwi waliotupa dawa zao za ARV wakarudi nyumbani wakiamini wameoshwa. Nisiseme zaidi, Babu mwenyewe alishafariki, na nia yake siijui.

Halafu upande wa pili wa hilo. Kila siku nauza Alu, dawa mseto ya malaria, na nusu ya nguvu ya kile kidonge imetoka kwenye jani. Mama mmoja wa China, Tu Youyou, alisoma vitabu vya waganga wa zamani, akaona jani la pakanga la kule kwao halitakiwi kuchemshwa bali kulowekwa kwa maji ya baridi na kukamuliwa, akajua joto ndilo linaharibu, akabadilisha namna ya kulitoa, likapimwa, likapimwa tena, 2015 akapewa Nobel. Malaria sio virusi, ni kimelea, na ndo maana jani hilo hilo kusaidia malaria haimaanishi linasaidia corona. Lakini kinachoniuma ni hiyo habari ya kuchemsha. Bibi alichemsha kila kitu. Ina maana kuna mitela alikuwa anaiua mwenyewe kwenye sufuria, na hakuna mtu aliyekuja Newala kukaa naye chini kumwandika jani kwa jani. Muhimbili walianzisha kitengo cha utafiti wa dawa za asili 1974, sheria ya tiba asili ipo tangu 2002, baraza la kuwasajili waganga lipo, lakini bibi kafa hajawahi kuulizwa swali na mtu mwenye daftari isipokuwa mie, na daftari langu lilikuwa la shule, kurasa za nyuma, nimeandika majina bila kuonyesha sehemu gani ya mti.

Jambo lingine alilokuwa nalo bibi ambalo zahanati haina ni masikio. Wakija watatu wa nyumba tofauti wiki moja wanalalamika kifundo hicho hicho, yeye alijua kuna kitu kimeingia kabla daftari la zahanati halijafika ukurasa wa pili. Siku hizi mafundi wana simu kama sisi. Ningekuwa na mamlaka ningewapa namba ya mganga mfawidhi na vocha ya elfu mbili kila mwezi, basi.

Sasa nifike kwenye mtungi, maana ndo nilikuwa naufikiria usiku ule nimeshika kufuli.

Kila Alhamisi alasiri bibi alikuwa anamwaga maji yaliyobaki kwenye mtungi, anayamwaga kwenye mashina ya mipapai hata kama ni ya jana tu, hata kama kiangazi kimekaza na sisi tunalalamika kwamba ni kufuru. Halafu ananituma msasa. Kama huujui huo mti, majani yake yana makwaruzo kama ulimi wa paka, mafundi seremala walikuwa wanasugulia mbao na hata ile karatasi ya dukani ikarithi jina. Nachuma fungu, anakunja majani manne matano kwenye ngumi, anaingiza mkono mpaka begani, anasugua mtungi ndani kwa duara kuanzia shingoni. Sio chini penye ukoko. Shingoni, pale mstari wa maji unapoishia. Ukimuuliza kwa nini hapo anasema hapo ndo pana harufu ya homa. Akimaliza anausuuza, anaujaza, anaufunika kwa kitambaa na kata juu yake, na ole wako uache kitambaa wazi.

Chuoni nikiwa mwaka wa pili mwalimu akatuchorea ubaoni maisha ya Aedes. Jike halitagi majini, linataga mayai ukutani mwa chombo, juu kidogo ya mstari wa maji, yanaganda pale kama vumbi jeusi, yanaweza kukaa makavu miezi, maji yakipanda yakayagusa yanaanguliwa, na ndani ya wiki hivi au siku kumi una mbu kamili. Kumwaga maji peke yake hakutoshi, akasema mwalimu, lazima usugue kuta. Nilikaa pale na kalamu imenikauka mkononi. Lumsden aliyeandika kuhusu ule mlipuko alizungumzia maji yaliyowekwa ndani ya nyumba na mbu hao hao, na sijui kama kuna mtu aliyemsimulia bibi, nadhani hapana, nadhani ni wanawake tu wa kule juu waliona nyumba zipi zinaanguka na zipi zinabaki wakaunganisha wenyewe.

Bibi hakuwahi kukuita kule kusugua mtungi dawa. Dawa zilikuwa zile za kinuni, zenye masharti na miiko. Msasa ilikuwa kazi ya nyumbani, ya kumtuma mtoto.

Jumapili iliyopita nilipanda Newala na mwanangu wa kike, ana miaka kumi. Nyumba ya bibi anakaa mjomba. Bati jipya, mfereji wa bati unaingiza maji kwenye kisima cha saruji uani, mfuniko wake umevunjika pembeni umezibwa na kipande cha gunia. Kuna ndoo mbili za rangi hazina mfuniko, kuna tairi la bodaboda limeegemezwa ukutani lina maji ya mvua ya juzi, nimechungulia ndani, viluwiluwi vinacheza. Mlangoni kivumbasi bado kipo, mjomba anakimwagilia kila siku na anakisifia kwa wageni. Nikamwambia mjomba, shikamoo tena, hili tairi. Akasema, "Achana nalo mpwa wangu, si tuna kivumbasi."

Tairi nimelitoboa kwa msumari wa moto, mfuniko tumeukata upya kwa bati la zamani. Mwanangu nikamtuma msasa nyuma ya choo, mti bado upo, mkubwa kuliko ninavyoukumbuka. Akarudi na majani mawili, anayapapasa shavuni, anasema baba yanakwaruza. Nikamwambia akachume mengi zaidi, ndoo ziko mbili.